Pointi za nani?

Baba mkwe aliuliza swali lile akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, kama anavyoshika kila kitu tangu macho yaanze kumsumbua. Tulikuwa mgahawani, ghorofa ya chini ya hoteli moja katikati ya Dar es Salaam, hatua chache kutoka Sanamu ya Askari. Walikuwa wametoka Tanga yeye na mama mkwe, naye siku moja kabla alikuwa ametolewa mtoto wa jicho la kulia. Kwetu Tabata ngazi ni ndefu na vumbi halina msimu, kwa hiyo niliona walale mjini siku mbili, karibu na daktari.

"Baba Zuhura," aliniita. "Hapa siku moja ni shilingi ngapi?"

Nikamwambia ni kama dola 175. Akanyamaza, nikajua anaibadilisha kichwani iwe shilingi.

"Umelipa wewe?"

"Hapana, baba. Nimetumia pointi."

Nikamweleza. Nasafiri kikazi, nalala hotelini, ofisi inalipa, hoteli inaniandikia pointi kwa kila dola iliyolipwa. Zikifika kiasi fulani napewa chumba bure. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Sasa hizo pointi ni za nani?"

Nikasema ni zangu. Nilisema haraka mno.

Hakuongeza neno. Mama mkwe akauliza kama mkate ule wa ufuta unapatikana na Kariakoo, tukahamia huko.

Hizo ni wiki saba zilizopita.

## Nyuzi za sakafuni

Lazima niseme baba mkwe alikuwa nani, maana swali hilohilo kutoka kwa mtu mwingine lingepita.

Alikuwa mtunza stoo kwenye shamba la mkonge, miaka 26. Robota moja la mkonge ni kilo 250, na likibebwa, likipangwa, likipakiwa, nyuzi hudondoka. Kidogo kidogo. Jioni sakafu ya ghala inakuwa kama imeota nywele. Wengine walizikusanya wakasokota kamba, na hakuna aliyewaita wezi. Yeye alizifagia kila Jumamosi, akazipima, akaziandika kwenye leja: tarehe, uzito, sahihi. Mke wangu alikua akiisikia habari hii, na Zuhura sasa anaijua.

Siku moja nilimuuliza kwa nini alijisumbua. Alinijibu kwamba kilichodondoka kimedondoka kutoka kwenye kitu cha mtu. Hakulisema kama fundisho. Alilisema kama mtu anavyokuelekeza kituo cha daladala.

Kwa hiyo aliposema "hizo pointi ni za nani", hakuwa ananituhumu. Alikuwa anauliza zimeandikwa wapi.

## Dola 54

Wiki ya kwanza nilijitetea moyoni. Mimi ndiye ninayeamka saa tisa usiku kuwahi ndege. Mimi ndiye ninayekosa mahafali ya mwanangu kwa sababu ya semina ya Kampala. Kama kuna kitu kidogo kinachorudi nyumbani kutokana na usumbufu ule, kwa nini kisiwe changu?

Bado naona kuna haki katika hoja hiyo. Siitupi.

Lakini kuna safari moja ya Nairobi, mwaka jana, ambayo kila nilipojitetea ilikuja kusimama mbele yangu.

Wakala wetu wa safari alikuwa amenipatia chumba kupitia tovuti moja ya kuuza vyumba, dola 112 kwa siku, kwa siku tatu. Hoteli nzuri, mahali pazuri. Nikamwandikia abadilishe, anikatie moja kwa moja kwa hoteli yenyewe, kwa dola 130. Hoteli ileile. Chumba kilekile. Sababu niliyompa ni kwamba chumba cha tovuti hakirudishiwi fedha safari ikiahirishwa, na kile cha moja kwa moja kinarudishiwa. Hiyo ilikuwa kweli.

Ila sikumwandikia kwa sababu hiyo.

Wanaosafiri wanajua: ukinunua chumba kwenye tovuti za watu wa kati, kampuni kubwa za hoteli hazikupi pointi. Ukinunua kwao wenyewe, au wakala akitumia bei ambayo ofisi imekubaliana na hoteli, na namba yako ya uanachama ikawemo, zinaingia. Marriott na Hilton wanatoa pointi 10 kwa kila dola kwenye hoteli zao nyingi, Hyatt wanatoa 5. Namba yangu ilikuwa kwenye faili la wakala tangu 2021. Nilihakikisha mwenyewe.

Juzi nilikaa na karatasi. Tofauti ilikuwa dola 18 kwa siku, mara tatu ni 54. Dola 390 nilizofanya ofisi ilipe zilinipa pointi 3,900. Zile siku mbili za wakwe zangu zilinigharimu pointi 50,000, kwa vyumba ambavyo kwa fedha vingekuwa dola 350. Maana yake kila pointi 1,000 zilinunua kitu cha dola 7. Pointi zangu 3,900 zilikuwa na thamani ya dola 27 na senti kidogo.

Ofisi ilitoa dola 54 ili mimi nipate 27.

Niliirudia hesabu mara mbili. Kilichoniuma ni hiyo nusu nyingine. Kama ningechukua dola 27 mfukoni mwa ofisi kwa mkono wangu, hasara ingekuwa 27. Kwa njia hii niliyoiona safi, hasara ilikuwa maradufu, na hakuna mkaguzi ambaye angeiona, kwa sababu ankara ilikuwa halali, risiti ilikuwepo, na marejesho ya masurufu yalipita siku hiyohiyo.

Na fedha yenyewe ni ya mradi wa maji. Dola 54 kijijini ni koki na mabomba kadhaa. Najua, kwa sababu mimi ndiye ninayepitisha bei za koki.

## Aliyelengwa

Nikaanza kujiuliza mpango huu ulibuniwa kwa ajili ya nani.

Shirika la ndege la American Airlines walianzisha mpango wao wa maili, yaani pointi za ndege, mwaka 1981. Hoteli zikafuata: mwaka 1983 Holiday Inn na Marriott walikuwa na mipango yao. Mtu anayelipa chumba kwa fedha yake huangalia bei kwanza, unamvuta kwa kupunguza bei. Lakini msafiri wa kikazi halipi. Ukimpunguzia bei, anayefurahi ni mhasibu wake, aliye mbali, na ambaye pengine hata hachagui hoteli. Anayechagua ni yule mwenye begi. Basi mpe yeye kitu ambacho mhasibu hakioni.

Sisemi ni hila. Hoteli ina haki ya kumshukuru mgeni wake, na wenye majengo huilipa kampuni yenye jina ili mpango uendeshwe, kwa hiyo si kitu cha bure hata kwao. Nasema tu kwamba miaka yote nilidhani pointi ni shukrani kwa usingizi wangu. Ni malipo kwa uamuzi wangu. Na uamuzi ule ofisi ilikuwa imenikabidhi kwa niaba yake.

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu.

## Wenzetu walivyoamua

Nilipotafuta nikaona swali la mzee limeshafika mahakamani.

Ujerumani, mwaka 2002, mwanasiasa Gregor Gysi alijiuzulu useneta wa uchumi wa Berlin, yaani uwaziri wa uchumi wa jiji hilo, baada ya kujulikana kwamba maili za ndege alizozipata kwa safari za kibunge alizitumia kwa safari binafsi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Kazi ya nchi hiyo ikatoa hukumu katika kesi ya mfanyakazi mmoja na mwajiri wake: maili zilizotokana na safari zilizolipwa na mwajiri, mwajiri anaweza kudai zitumike kwa safari za kazi. Msingi wake ni kanuni ya zamani katika sheria yao ya madai, kwamba aliyetumwa anamkabidhi aliyemtuma kile alichokipata kwa kutumwa.

Niliposoma hilo nilimwona baba mkwe na ufagio wake.

Marekani walikwenda njia nyingine. Watumishi wa serikali yao kuu zamani walitakiwa kuzihesabu kuwa mali ya serikali. Sheria iliyosainiwa Desemba 2001 ikawaruhusu kubaki nazo, kwa masharti: wazipate kama raia mwingine yeyote angezipata, na serikali isiongezewe gharama.

Isiongezewe gharama. Nimelirudia sharti hilo mara nyingi kuliko hukumu ya Wajerumani. Kwa sheria ya Marekani, pointi zangu karibu zote 50,000 zingekuwa zangu bila ubishi. Zile 3,900 zisingekuwa zangu.

## Foleni ya Kigali

Nakumbuka na jambo la Kigali, ambalo wakati ule sikulipa uzito.

Tulikuwa watu thelathini hivi, mkutano wa siku nne kuhusu visima. Tulifika usiku, mvua inanyesha, tukapanga foleni mapokezi. Kila mmoja alipofika alitoa hati ya kusafiria na namba ya uanachama. Binti wa mapokezi, kwa upole wa Kinyarwanda kabisa, akatueleza kwamba vyumba vyote viko kwenye ankara moja ya mwandaaji, kwa hiyo pointi za chumba haziingii kwa mgeni mmoja mmoja.

Mtu mzima mmoja, mtaalamu ninayemheshimu sana, akapandisha sauti. Akataka meneja. Akasema atalipa chumba kwa kadi yake kisha adai kwao. Ilichukua nusu saa. Nyuma yetu walikuwa wamesimama mama wawili kutoka kamati za maji za vijiji, wamechoka, mizigo miguuni, hawaelewi kinachobishaniwa ni nini.

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nami nilikuwa nimekasirika. Na nilikuwa namwombea ashinde, ili nami nipate.

Mmoja wa wale mama aliniuliza, "Mwanangu, vyumba vimekosekana?" Nikamwambia hapana mama, ni mambo ya karatasi.

## Hoja ya dereva

Nilimweleza rafiki yangu wa kazini haya yote. Akaniuliza mbona posho hainisumbui.

Ni hoja nzito, na anayeishi Tanzania hawezi kuikwepa. Posho ya kujikimu ikibaki ni yako. Julai 2022 serikali ilipandisha viwango vyake vya safari za ndani, kile cha juu kikatoka shilingi 120,000 hadi 250,000 kwa siku, cha chini kikatoka 80,000 hadi 100,000, na kila mtu anajua kwamba katika fedha ile kuna kulala, kuna kula, na kuna ada ya shule. Dereva wetu tukienda Dodoma ananishusha hotelini, kisha yeye anatafuta gesti. Aliwahi kuniambia, "Kaka, mimi gesti ya elfu thelathini inanitosha, usingizi ni uleule. Inayobaki ina kazi yake." Amesomesha watoto wawili kwa inayobaki. Hakuna hata siku moja nilimwona amekosea. Gesti zenyewe hazina pointi wala namba ya uanachama, zina daftari la wageni na ndoo ya maji ya moto ukiomba mapema.

Basi tofauti ni nini? Ilinichukua wiki nzima, na nilikuwa karibu kukubali kwamba hakuna, kwamba nimekuwa mtu wa kujitafutia dhambi.

Halafu nikaiona kwa dereva mwenyewe. Yeye akilala gesti, akilala kwa shangazi yake, akilala kwenye gari, ofisi inatoa kiasi kilekile. Kiasi kilijulikana kabla hajawasha injini, na aliyekitoa anajua kinachobaki kinakwenda wapi. Kubana kwake hakumwongezei mtu gharama. Mimi chaguo langu lilikuwa linasogeza ankara, na mwenye ankara hajui ni nini kimeisogeza.

Yeye anabana chake. Mimi nilikuwa natanua cha mwingine.

Sijapata hoja ya kulijibu hilo, na nimeitafuta kwa nia.

## Masharti

Katikati ya haya nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kujiunga. Nilisoma masharti ya uanachama, yote, usiku mmoja mpaka saa saba.

Ukiacha akaunti miezi 24 bila kitu kuingia wala kutoka, pointi zinafutika. Hilo nilikuwa nalijua. Sikujua kwamba masharti ya Marriott Bonvoy, yaani mpango wa pointi wa Marriott, yanasema waziwazi kuwa pointi si mali ya mwanachama. Umeandikiwa tu, na kampuni inaweza kubadilisha thamani yake au kuufunga mpango.

Nilimwamsha mke wangu kumsomea. Alisikiliza macho yamefumba.

"Kwa hiyo ulimjibu baba kitu ambacho si kweli," akasema. "Si zako."

"Si za ofisi pia."

"Sijasema ni za ofisi."

Akageukia ukutani akalala. Mimi nilikaa na simu yangu, nikitazama ile namba ya pointi zilizobaki, 6,112, kwa rangi ya kijani.

## Stakabadhi

Jumatatu nilikwenda kwa mhasibu mkuu. Nimefanya naye kazi miaka sita, sote tunamwita mama, na nilikuwa na hofu kama ya mtoto aliyevunja sahani. Nikampa ile karatasi ya hesabu. Akaisoma, akavua miwani.

"Unataka nifanye nini na hii?"

"Nataka kulipa dola 54, mama."

Ilikuwa kazi. Hapakuwa na mahali pa kuziingiza. Safari imefungwa, mwaka wa hesabu umefungwa, mfadhili ameshapokea ripoti. Mwisho aliziweka kwenye mapato mengineyo na akanikatia stakabadhi. Ninayo kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho.

Kisha akaniambia jambo lililonistua zaidi ya yote: ofisi haina kanuni yoyote kuhusu pointi. Hakuna aliyewahi kuuliza. Tuko wanane tunaosafiri mara kwa mara. Akaniuliza kama zinaweza kuhamishiwa ofisini zitumike kwa vyumba vya kazi. Nikamwambia akaunti ni za watu, si za taasisi. Marriott wanaruhusu mwanachama kumhamishia mwanachama mwenzake hadi 100,000 kwa mwaka, lakini itabidi ofisi imtegemee mtu mmoja mwenye akaunti, na akiacha kazi anaondoka nazo. Akatikisa kichwa. "Andika pendekezo," akasema.

Nimeandika nusu ukurasa. Wakala achague hoteli, msafiri asichague. Wakala achague ya bei ya chini kati ya zile tulizozikubali kwa usalama na umbali. Kama katika hoteli hiyo pointi zinaingia, ziingie kwa aliyelala, zimfariji. Na msafiri aziandike kwenye fomu ya marejesho.

Wenzangu wawili hawakulifurahia. Mmoja ameniambia kwa ukali kwamba nataka kuwa mtakatifu kwa gharama ya wengine. Tumesalimiana tangu siku ile, lakini chai hatunywi pamoja tena kama zamani. Hilo linaniuma, na sina uhakika kwamba nililisema jambo hili vizuri mbele yao. Pengine ningeanza na dola 54 zangu, si na kanuni.

## Jicho la kulia

Wiki iliyopita baba mkwe alirudi kuonana na daktari. Safari hii alilala kwetu. Alipanda ngazi taratibu, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwa Zuhura, akafika juu akasema vumbi la Tabata halina neno mbele ya vumbi la mkonge.

Usiku, baada ya kula, nilimletea fomu yangu ya safari ya mwisho ya Nairobi. Siku mbili, dola 118 kwa siku. Mwisho kabisa, chini ya jumla, mahali ambapo fomu haina kisanduku, nilikuwa nimeandika kwa mkono: *Pointi zilizoingia kwa jina langu: 2,360.*

Aliivuta karibu na jicho la kulia, lile lililopona. Alisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata, kama anakagua leja ya mtu mwingine. Zuhura alikuwa amesimama nyuma yake akisoma pia.

Akafika chini. Akakaa kwenye ule mstari wangu kwa muda.

"Na chumba cha bei ya chini kuliko hiki siku hiyo kilikuwa shilingi ngapi?"

"Kilikuwepo cha dola 109," nikasema. "Lakini kilikuwa mbali na mkutano. Teksi ingekula tofauti yote."

"Mbona hukuandika?"

Zuhura akanipa kalamu.